Mfuko wa Majani wa Kasri

Nchi hii sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, la hasha. Sisi raia wake hatuogopi kitu, tumekatazwa kuogopa. Sitaitaja kwa sababu jina lake limepelekwa kuhakikiwa na bado halijarudi. Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali, dawati la bustani, na yote nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, ambayo nayo yana kibali. Kama katika kusoma utaona kitu kinachofanana na cha kwenu, hilo ni lako na mawazo yako, mimi usinitie.

Kiongozi wetu anaitwa Mlezi Mkuu. Mbele ya Kasri lake pana uwanja mpana wa nyasi, na pembeni mwa uwanja imesimama mikungu mikubwa aliyoipanda kwa mikono yake, au tuseme alishika koleo wakati wengine wakiipanda. Mkungu ni mti mzuri sana ila una tabia moja mbaya: unapukutisha majani. Majani yenyewe ni mapana, mekundu, na hayaombi ruhusa. Zamani wanawake waliyafagia kwa fagio za chelewa, wameinama, wanapiga soga. Ikaonekana kwamba soga ile haina mtu anayeisikiliza kwa niaba ya serikali, kwa hiyo wanawake wakaondolewa. Mahali pao ikaletwa mashine.

Ilikuwa zawadi ya nchi rafiki: mashine ya kukatia nyasi ya kupanda, nyekundu, yenye kiti na usukani kama trekta lililodumaa. Chini ya tumbo lake kuna visu vinavyozunguka. Visu vinakata nyasi na kuvumisha upepo, upepo unayainua majani makavu, unayapitisha kwenye bomba pana la ubavuni na kuyatupa ndani ya mfuko mkubwa wa wavu uliofungwa nyuma. Siku ya makabidhiano balozi wa nchi rafiki aliiendesha mwenyewe, nje ya geti, akiwa na suti na tai. Ilipita penye majani ikaacha pasafi, na mfuko ukatuna. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha mashine ikaingia getini, ikakutana na Usalama.

*

Nawasifu watu wetu wa Usalama. Hawalali, na sisi hatulali kwa ajili yao. Sheria ya Kasri inasema kitu chenye makali hakivuki uzio; hata wapishi wa Mlezi Mkuu hukata vitunguu kwa vijiko. Basi visu vya mashine vikafunguliwa, vikapigwa tupa mpaka kingo zake zikawa mviringo kama mpini wa mwiko. Halafu wakautazama mfuko. Ulikuwa na vitundu vidogo kila mahali.

"Vya nini hivi?" aliuliza ofisa mmoja.

Tulitazamana.

"Tundu ni jicho," akaamua ofisa. "Huu ni mfuko unaochungulia."

Ukashonewa turubai zito, ndani na nje. Kwenye mdomo wa bomba ukawekwa wavu wa waya, ili kila jani likaguliwe kabla ya kuingia. Kwa kuwa vumbi linaweza kumficha mtu mbaya, ikaagizwa uwanja umwagiwe maji mengi kabla ya kazi. Na kwa kuwa chochote kinachokwenda polepole mbele ya Kasri huhesabiwa kuwa kinapeleleza, dereva akaamriwa aende mbio.

Dereva mwenyewe aliitwa Hamza Lukindo, mtu wa makamo, mpole, ambaye zamani aliendesha basi la shule. Walimchagua kwa sababu katika faili lake hakuna mahali palipoandikwa kwamba amewahi kuuliza swali. Asubuhi ya kwanza alipanda, akawasha, akaupita uwanja kama anayekimbizwa na nyuki. Nyasi zilivunjika badala ya kukatika. Majani yaliyolowa yaligandamana bombani kama ukoko chini ya sufuria. Mfukoni liliingia jani moja, nalo nadhani lilipotea njia.

Niliandika gazetini kwamba mashine imeanza kazi kwa kishindo, na kishindo kweli kilikuwepo.

*

Baada ya siku chache Mlezi Mkuu alisimama dirishani akinywa chai. Akanyoosha kidole.

"Lile jani nalijua," alisema. "Lilikuwepo jana."

Wasaidizi wake walikimbilia dirishani wakalitazama. Lilikuwa jani kama majani mengine, limelala chali katikati ya uwanja. Lakini baada ya kauli ile kila mtu alianza kuliona lina namna. Jani la kawaida hulala tu. Hili lilionekana limejilaza.

Ikaundwa Tume ya Kuboresha Uingiaji wa Majani Mfukoni. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Bustani na Usalama, Mheshimiwa Chande Mfaume. Wizara hizo mbili ziliunganishwa zamani, baada ya kugundulika kwamba zote zinashughulika na vitu vilivyojificha chini. Mheshimiwa Chande alikuwa mnene, mtanashati, na alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kila jina la Mlezi Mkuu, kwa heshima.

"Ndugu wajumbe," alisema siku ya ufunguzi, "majani haya yamepewa mfuko. Yamepewa bomba. Yamepewa usafiri wa bure mpaka ndani. Hayaingii. Najiuliza, na nyinyi jiulizeni, nani anayaambia yasiingie?"

Wajumbe waliandika swali lile na kulipigia mstari.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuliandika gazetini. Wajumbe wote wa Tume walikuwa na bustani majumbani kwao. Mheshimiwa Chande mwenyewe alikuwa na mashine kama ile, ndogo kidogo, niliiona nilipokwenda kwake kumpiga picha akiwa mzalendo. Shamba boy wake alikuwa akiiendesha taratibu juu ya nyasi kavu, visu vimenolewa, bomba limezibuliwa, mfuko unahema kwa matundu yake yote. Ulijaa nikiwa natazama. Mheshimiwa alinitazama nikitazama, akaniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia nimeona maua.

Kwa hiyo usidhani walikuwa wajinga. Shida ilikuwa nyingine. Mjumbe mmoja, Mhandisi Stambuli, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni na bado hajazoea hewa ya nyumbani, aliinua mkono kwenye kikao cha pili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani visu ni butu."

Mheshimiwa Chande aliweka kalamu chini.

"Umejuaje?"

"Nimedhani tu, Mheshimiwa."

"Umevigusa?"

"Sijavigusa."

"Basi kuna aliyevigusa akakwambia. Au unataka viwe vikali. Visu vikali, hatua chache kutoka kwa..." akakohoa, "Mlezi Mkuu. Unavitakia nini?"

Mhandisi Stambuli alipelekwa mafunzoni siku ileile. Mafunzo ya nchi yetu ni ya hali ya juu, marefu, na hakuna aliyewahi kuyahitimu. Tangu hapo kila mjumbe aliyekuwa anajua kitu alianza kuwatazama wenzake, akijiuliza kama na wao wanajua, na kama wanajua kwamba yeye anajua. Walikaa vikao virefu wakitazamana hivyo. Chai iliyoletwa ilipoa, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinywa.

*

Tume ilitoa mapendekezo yake, nayo yalitekelezwa yote. Mfuko wa pili ulinunuliwa ili uulinde wa kwanza. Dereva aliapishwa. Mikungu ilihojiwa, maana yake ofisa alisimama chini ya kila mti na kuusomea haki zake. Na ili ijulikane jani lipi ni la leo na lipi ni sugu la jana, ikaagizwa kila jani linaloanguka lipigwe muhuri wa zambarau wenye tarehe. Jioni ungewaona maofisa wa Usalama, watu wazima wenye suti, wanatambaa uwanjani kwa magoti wakigonga mihuri. Lilikuwa jambo la kutia moyo.

Ila upepo haujaapishwa. Siku moja ulivuma ukayabeba majani yenye mihuri, ukayavusha uzio, ukayamwaga sokoni. Jani la mkungu ni pana, na wauza vitumbua wetu wana akili, wakafungia vitumbua. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa unakula vitumbua kutoka ndani ya nyaraka za serikali. Wauzaji walikamatwa, na vitumbua vikachukuliwa kama ushahidi. Ushahidi huo ulikwisha kabla haujafika kituoni.

Ndipo ukaanza upekuzi wa nyumba kwa nyumba. Kwa Hamza Lukindo hawakuhangaika sana. Kwenye kizingiti, chini ya soli ya buti lake la kazi, palikuwa na jani moja limenata, lina muhuri. Mimi nilikuwepo, nimetumwa kuandika jinsi upekuzi ulivyopokelewa kwa shangwe.

"Hili ni nini?" aliuliza ofisa.

"Jani, mkubwa."

"La nani?"

"La mkungu."

"Sijakuuliza la mti gani. Unampelekea nani?"

Lukindo alilitazama buti lake kama analiona kwa mara ya kwanza. "Mkubwa, limenifuata lenyewe. Uwanja umelowa."

"Nani kakwambia uwanja umelowa?"

Kuanzia siku hiyo Lukindo alilala kwenye banda la mashine, chini ya ulinzi. Mheshimiwa Chande alimweleza hali yake kwa upole wa mzazi. Siku ya Usafi wa Taifa imekaribia, na Mlezi Mkuu atakuja mwenyewe kutazama. Mfuko ukijaa, itathibitika kwamba dereva ni mwaminifu na jani lile lilikuwa na njama zake binafsi. Usipojaa, dereva atakwenda mafunzoni. Kitu ambacho Mheshimiwa hakumweleza ni kwamba Tume nayo ilikwisha ahidiwa nafasi kwenye mafunzo hayohayo.

*

Mkewe, Mwajabu, aliruhusiwa kumwona kupitia dirisha la banda, askari akiwa amesimama katikati yao. Mwajabu alikuwa mshonaji wa mashela ya harusi, mwanamke mwenye sauti isiyojua kushuka.

"Baba Tausi, lile turubai si litolewe? Mfuko haupumui ule! Upepo ukishaingia utokee wapi? Hata gunia la mkaa lina upenyo."

"Punguza sauti, Mama Tausi. Askari anasikia."

"Asikie! Kwani kwao hawana mifuko? Eti kaka, si kweli mfuko haupumui?"

Askari alitazama juu ya paa. "Mimi mama sijui kitu," alisema. "Na hicho nisichokijua, tafadhali usinikumbushe."

Mwajabu alishika nondo za dirisha. "Waambie basi, mume wangu. Wewe ndiye unayeiendesha. Waambie visu vinolewe, bomba lizibuliwe, uende polepole. Ni hayo tu."

"Nikisema, swali la kwanza wataniuliza nimejua vipi," alisema Lukindo. "La pili sitalisikia, nitakuwa njiani. Bora nisijue kitu. Nimejaribu kusahau tangu juzi, na nusu yake nimekwisha sahau."

Mwajabu alilia pale dirishani bila kuficha uso. Nilimjua Lukindo kuwa mtu mwema. Nikafungua daftari langu, nikaandika kwamba mke wa dereva alishindwa kuzuia machozi ya furaha.

*

Asubuhi ya Siku ya Usafi nilitangulia kufika bandani, nikakaa nyuma ya mapipa nikisubiri habari. Lukindo alikuwa amepelekwa kunyolewa na kuvishwa sare mpya. Mashine ilikuwa peke yake na askari wake.

Alikuja kwanza Mheshimiwa Chande akiwa na mkoba wa ngozi. Alimtuma askari maji ya kunywa. Askari alipoondoka, Mheshimiwa alifungua mfuko wa mashine, akatoa mkobani majani makavu ya migomba, akayasukumiza ndani, akafunga, akajifuta jasho, akaenda zake. Awali nilikuwa nimedhani amekuja kukagua. Baada yake akaja Brigedia Kipara, mjumbe wa Tume, na foronya ya mto iliyotuna. Naye akamtuma askari maji. Kisha wajumbe wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na furushi lake, kila mmoja akichungulia nyuma kuona kama anafuatwa. Majani ya Kasri yana mihuri, hakuna ambaye angethubutu kuyagusa, kwa hiyo kila mtu alileta ya kwao. Wa mwisho alilazimika kuushindilia mfuko kwa goti. Askari yule alibeba maji mengi siku ile, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemwuliza ameyapeleka wapi.

Sherehe ilikuwa nzuri. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Chande alihutubia.

"Leo," alisema, "historia haitaandikwa kwa wino. Itakusanywa! Leo tutayaonyesha majani, ya ndani na yanayofadhiliwa kutoka nje, kwamba mfuko wa taifa hili una nafasi kwa kila jani lenye nia njema!"

Lukindo akapanda mashine. Nilimwona Mwajabu ng'ambo ya uzio, amejifunga khanga kifuani, mikono kichwani. Mashine ikanguruma, ikaupita uwanja mbio, ikarusha maji, ikarudi, ikasimama mbele ya jukwaa. Mfuko wake ulikuwa umevimba kiasi cha kukatisha nyuzi za turubai. Wajumbe waliruka juu wakishangilia, kila mmoja kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyostahili.

Mlezi Mkuu hakushangilia. Alitazama mfuko. Kisha akatazama uwanja, ambao ulikuwa mwekundu kwa majani yaleyale, yametulia mahali palepale.

"Mfuko umejaa," alisema, "na uwanja umejaa. Fungueni."

Ulipofunguliwa ulilipuka. Yalitoka majani ya mgomba, yakatoka ya mpera, yakatoka ya mchungwa, ya mpapai, ya mwarobaini na vipande vya makuti. Mlezi Mkuu akashuka jukwaani, akaokota tawi moja bichi lenye vidole, akalinusa.

"Hiki ni kisamvu. Kwangu hakuna mhogo. Nani anajua kimefikaje humu?"

Unajua, katika nchi yetu swali la Mlezi Mkuu halijibiwi; mtu hungoja alijibu mwenyewe. Lakini Mheshimiwa Chande alikuwa ameshtuka. Alikuwa anajua ujazo wa mkoba wake, na sasa anaona lundo linalofika kiunoni. Akawatazama wajumbe wake, akaona nyuso zao, akaelewa kwamba kuna mtu anataka kummaliza kwa kisamvu.

"Mlezi Mkuu, kisamvu si changu!" alipaza sauti, akasahau hata kukohoa. "Mimi niliweka migomba tu!"

"Nilijua!" Brigedia Kipara aliruka. "Nilipoweka mipera yangu niliikuta migomba ndani, nikasema huyu ana lake jambo!"

Baada ya hapo walisemana wote kwa pamoja, wakinyoosheana vidole, makuti ya nani, mpapai wa nani. Mlezi Mkuu aliwasikiliza kwa makini mpaka walipochoka. Kisha akamgeukia Lukindo, aliyekuwa bado juu ya kiti ameshika usukani.

"Na wewe dereva? Unajua nini?"

"Sijui, Mlezi Mkuu."

"Hujui kabisa?"

"Sijui kabisa."

Na ilikuwa kweli. Katika uwanja mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Mlezi Mkuu alimtazama machoni kwa muda mrefu, na nilimwona uso wake ukilegea, kitu ambacho mpiga picha wetu hakuwa na ruhusa ya kukipiga.

"Nimezungukwa na watu wanaojua," alisema. "Kumbe alikuwepo mmoja asiyejua, nikamwacha akaniendeshea mashine."

Tume nzima iliondoka kwenda mafunzoni kwa basi moja. Jioni redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Hamza Lukindo ameteuliwa kuwa Waziri wa Bustani na Usalama.

*

Nilifurahi kweli, na siyo furaha ya gazetini. Wiki iliyofuata nilitumwa nyumbani kwake kuandika makala ya Waziri mpya na familia yake. Nyumba ilikuwa kubwa, ile aliyokaa Chande, na mlangoni alisimama mlinzi mrefu. Mwajabu alikuwa amekataa mpishi wa serikali. Alichinja jogoo mwenyewe, akapika wali wa nazi, akaandaa mkekani kama walivyozoea, akampakulia mumewe paja. Alikuwa anacheka kila akipita.

"Mungu mkubwa," alisema, akikaa. "Sasa wewe ndiye mwenye amri, Baba Tausi. Kesho asubuhi kabla ya chochote, waambie watoe lile turubai. Visu vinolewe, ule wavu wa bombani utupwe. Huyo dereva mpya naye ana mke, maskini. Na mfuko upumue, ndiyo maana una matundu."

Mheshimiwa Waziri alikuwa amekwisha kata tonge. Akalirudisha sahanini.

"Mambo hayo umeongea na nani mwingine?"

"Mambo gani?"

"Haya ya matundu."

"Jamani, si nilikwambia tangu uko bandani? Kula, chakula kinapoa."

Alimtazama mkewe, akautazama wali, akaitazama mikono yake mwenyewe. Mimi nilijifanya natafuta kalamu. Halafu akanyanyua uso kuelekea mlangoni na kumwita mlinzi aje aonje kwanza.

Mwajabu alicheka, akidhani ni utani. Akamgeukia ili wacheke pamoja, akaona hacheki. Mlinzi alikuwa anakuja, anavua glovu. Mwajabu akamzuia kwa mkono. Akaivuta sahani ile mbele yake, akala yeye, taratibu, wali wote na paja lote, bila kuondoa macho usoni kwa mumewe. Alipomaliza akalamba vidole, akaisukuma sahani tupu katikati ya mkeka.

Mheshimiwa Waziri alitazama saa yake mpya, akasubiri.